Nilianika chip juani Voi, kaka yangu akaapa nimeficha jiwe la familia

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu ndani kila mtu ni hakimu, kwa hiyo sitamwomba mtu aniamini. Nitaeleza ilivyokuwa bila kuongeza chumvi, na pale nilipousahau mwaka au siku nitasema nimesahau.

Kilichoniamsha ni ile video ya kijana wetu wa jukwaa la ufundi, yule aliyejenga LED cube akaiunganisha na simu. Kijana, hongera. Umeandika umeimaliza wikendi moja. Mimi yangu niliijenga Voi katikati ya miaka ya themanini, na ilibaki kidogo tu inikosanishe na kaka yangu moja kwa moja.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Kazi ya ufundi wa redio inakufundisha hivyo. Redio ikiletwa imekufa, unatuhumu kila kitu mpaka ukipime. Unamtuhumu hata mwenyewe anayekwambia "haikuanguka, fundi". Imeanguka.

Kwa hiyo mkiniona namshuku kila mtu kwenye uzi huu, mvumilie, ndivyo nilivyo.

Nyumbani kwetu ni Ronge, lakini nilikuwa nimepanga Voi, upande wa reli, mimi, mke wangu na binti yetu mdogo Mshai. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na kaseti. Kaka yangu mkubwa, Mghanga, alikuwa Kishushe akichimba mawe ya vito. Shimo lile lilikuwa la marehemu baba. Tulikuwa na sehemu zetu mle, mimi, Mghanga na binamu zetu, na mimi nilikuwa nakwenda kusaidia nikipata nafasi na usafiri. Usafiri wa Kishushe siku hizo ulikuwa bahati.

Shimo lilikuwa na sheria moja kubwa. Jiwe likionekana, haliingii mfukoni. Watu wanaitwa, jiwe linainuliwa juani, kila mwenye sehemu analiangalia kwa lenzi, halafu ndiyo broka anatafutwa. Ukikutwa umeinua jiwe juani peke yako, hakuna cha kujieleza. Wewe ni mwizi wa ndugu zako.

Shikeni hiyo, ndiyo iliyonitia matatani.

Sasa cube yenyewe.

Kulikuwa na mhandisi wa simu tuliyezoeana naye, alikuwa analeta redio yake kwangu. Alipohama aliniachia mzigo wa vitabu na vipuri, na ndani yake kulikuwa na chip mbili za 8748. Siku hizi mnaita microcontroller na mnaagiza kama njugu. Kwangu ilikuwa maajabu. Ubongo na kumbukumbu zote ndani ya kitu cha urefu wa kidole.

Na ilikuwa nzuri kwa macho, wakuu. Mwili wa kauri, miguu ya rangi ya dhahabu, na mgongoni kidirisha cha kioo. Ukichungulia kwenye kioo unaona kamraba kanametameta, kamefungwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele.

Nikaamua nijenge mche wa taa, ndiyo hiyo cube, nne kwa nne kwa nne, niuweke kwenye dirisha la kibanda watu wajue hapa kuna fundi. Taa sitini na nne nyekundu. Nilikuwa nazitoa Mombasa kidogo kidogo kila nikipata mtu anayeshuka huko.

Kwa wasiojua, taa sitini na nne huwezi kuzivutia waya moja moja, chip haina miguu ya kutosha. Unazipanga ghorofa nne, kila ghorofa taa kumi na sita. Chip inawasha ghorofa ya kwanza, inaizima, inawasha ya pili, inaizima, hivyo hivyo mpaka juu na kuanza tena, haraka mpaka jicho linadhani zote zinawaka. Ndiyo multiplexing hiyo.

Nilitoboa ubao matundu kumi na sita, nikachomeka taa humo, nikakunja miguu na kulehemu ghorofa moja baada ya nyingine. Mguu mmoja ukipinda, mche wote unakaa kama banda la kuku. Mke wangu alikuwa anapita ananitazama, anaguna, anaendelea na shughuli zake.

Mashine ya kuandikia program nilijitengenezea. Swichi nane, juu na chini, namba moja moja kwa mkono. Ukikosea namba moja, huna njia ya kuifuta hiyo peke yake. Unafuta chip nzima kwa mwanga mkali wa ultraviolet kupitia kile kidirisha. Wenye maabara walikuwa na taa maalum ya kazi hiyo.

Mimi nilikuwa na jua la Voi.

(Naona mkuu mmoja ameshatia neno hapo chini, "jua halifuti EPROM, hii ni chai". Mkuu, EPROM ndiyo kumbukumbu ya chip hii, na jua linaifuta. Linachukua karibu wiki ya jua la wazi, lakini linafuta. Tuendelee.)

Mara ya kwanza nilipowasha mche, ulikuwa na vivuli. Taa ambayo haikutakiwa kuwaka ilikuwa inawaka kwa mbali, kama inachungulia. Nikatuhumu transistor, nikabadilisha. Nikatuhumu nilipolehemu. Nikatuhumu betri. Nikamtuhumu hadi muuza taa wa Mombasa kwamba ameniuzia makombo. Mwisho nikaona kosa liko kwenye program, nilikuwa nafungua ghorofa inayofuata kabla ya kuzima taa za ghorofa iliyopita. Na ile chip ya pili nilikuwa nimeshaiunguza nikijifunza. Dawa ilikuwa kufuta hii moja na kuandika upya.

Nikaiweka kwenye sahani juu ya bati la jiko, kioo kikitazama juu. Vumbi la Voi mnalijua, ni jekundu na halina adabu. Kwa hiyo kila mara nilikuwa napanda kigoda, naichukua, naipangusa kwa shati, naiinua kwenye jua nione kama kioo kiko safi, naichungulia, naigeuza, narudisha.

Hebu nitazameni kwa macho ya mtu wa Taita Taveta. Mtu amesimama juu ya kigoda na kitu cha dhahabu chenye kioo, anakichungulia juani kwa jicho moja, anatazama huku na huku, anakirudisha kwenye sahani.

Chumba cha mwisho kwenye ile ploti kilikuwa cha Mutiso, mtu wa kutoka bara, na kazi yake ilikuwa broka wa mawe.

Mutiso alinijia na sauti ya chini. "Fundi, hiyo kitu usiharakishe nayo. Ukitaka ionwe, anza na mimi."

Nikamwambia ni kipuri cha umeme. Nikamwekea mkononi akiangalie. Akakichungulia kwa lenzi yake, akakirudisha polepole, akanitazama vile unavyomtazama mwongo unayemheshimu.

"Sawa," akasema. "Ni kipuri."

Toka hapo alikuwa hanisalimii bila kutabasamu upande. Nilimshuku palepale. Nilijua kazi yake inampeleka Kishushe kila mara na nikajua mdomo wake utafika kabla ya miguu.

Ukafika. Nilipokwenda shimoni mara iliyofuata, binamu zangu walikuwa wananijibu kwa mkato. Mghanga hakunipa mkono. Aliendelea kuchekecha mchanga, akasema bila kuinua kichwa, "Wewe huku unatafuta nini, na yako uko nayo Voi?"

Nilimweleza. Nikachora hata kwenye mchanga. Akasema, "Kioo, dhahabu, na kitu ndani inang'aa. Na broka ameshikishwa. Halafu unaniambia ni ya redio."

Niseme ukweli wa moyo wangu, iliniuma sana. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka shule mguu uliponivimba. Lakini na mimi nikaanza kumshuku yeye. Nikajiuliza kama haya yote si kisingizio tu, labda wanataka kunitoa kwenye shimo na wameona mlango. Nikarudi Voi na hasira yangu, yeye akabaki na yake.

Halafu Mshai akashikwa na homa.

Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa, homa ikashuka, ikarudi. Tukampeleka tena. Mama akashuka kutoka Ronge na kikapu chake, akamshika mtoto paji la uso, na kabla hata hajanywa maji akauliza, "Nani ana moyo mzito na nyumba hii?"

Sisi ni watu wa kanisa. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya tangu ujana wake. Lakini kuna kitu cha kwetu Wadawida, yaani Wataita, ambacho kanisa halikukiondoa nyumbani kwetu, kinaitwa kutasa. Ndugu mwenye hasira moyoni, hata kama hamtakii mtu mabaya, hasira yake inaweza kutoka yenyewe ikamkalia mtoto. Kwa hiyo huyo ndugu anachukua maji kinywani, anayatema kwa kupuliza, huku anasema kilicho moyoni mwake mbele ya watu na kukiachia kiende. Ndiyo kutasa. Ukiamini usiamini, kwetu mtoto anayeugua akinyimwa kutasa na baba yake mkubwa, hilo ni jambo zito.

Mama akatuma ujumbe Kishushe. Mghanga akaja, na lazima niseme hapo alikuja haraka.

Mke wangu akamletea maji kwenye kikombe. Mghanga akakishika. Akamtazama Mshai kwa muda, mtoto amelala kwa bibi yake, midomo imekauka. Halafu akakiweka kikombe chini.

"Siwezi, mama. Nikitema haya maji sasa nitakuwa natema uongo. Na uongo utamdhuru zaidi."

Mama akasema, "Basi itoe hiyo hasira."

"Haitoki. Alete ile jiwe mbele ya watu kwanza."

Wakuu, nilitaka kumfukuza. Mwanangu anachemka na mtu anazungumza jiwe. Lakini ndani yangu nilijua pia kwamba angeweza kutema tu yale maji, atufurahishe, aende zake. Hakufanya hivyo. Mtu anayetafuta kisingizio hakatai kitu rahisi kama hicho. Hapo ndipo nilipoacha kumshuku kuhusu shimo.

Nikaileta chip. Akatoa lenzi yake, akatoka nayo nje, akaichungulia sana. Aliporudi uso ulikuwa mbaya zaidi.

"Hii imeshachongwa," akasema. "Ina kona nne sawasawa. Ulichongesha wapi?"

Mke wangu alicheka, akajificha na kanga. Mimi sikuwa na kicheko.

Nikamwambia, Mghanga, kaa hapa. Usirudi Kishushe. Hii bado inamalizia kufutwa juani, safari na homa ya mtoto vilinichelewesha, nitaiandika mbele yako, nitaiweka kwenye mashine mbele yako. Isipofanya kazi niliyosema, ichukue ukagawe na binamu.

Akakubali, lakini kwa masharti yake. Hakuna mtu kuigusa ile sahani yeye hayupo. Alishuku nitaibadilisha na kipuri cha uongo.

Basi mngeona maajabu. Mtu mzima mwenye ndevu amekaa kwenye kigoda mchana kutwa, kofia usoni, analinda chip iliyoanikwa juu ya bati kama mahindi. Mutiso alipopita, Mghanga alimwambia, "Pita mbali." Vumbi likikaa kwenye kioo ananiita nije nipanguse, yeye amesimama karibu mpaka nasikia pumzi yake. Jioni aliiweka kwenye kibweta cha tumbaku, akalala nacho kifuani.

Mchana alikuwa anambeba Mshai kivulini. Homa ilikuwa inakwenda na kurudi, na dawa tulikuwa tunampa kwa saa yake. Mama hakuuliza tena habari ya maji. Alimtazama tu Mghanga kila kikombe kikipita, na Mghanga alikuwa anatazama pembeni.

Siku ya kuandika, hakuniamini niandike kimya kimya. Akataka karatasi ya program aishike yeye. Akawa ananisomea, "juu, chini, chini, juu," mimi napanga swichi, yeye anainama kuzikagua moja moja kabla sijabonyeza. Tulichelewa vibaya. Lakini nikiri, sijawahi kuandika chip kwa usafi kama siku ile. Mkaguzi mwenye kinyongo haruki mstari.

Nikabandika utepe mweusi juu ya kioo ili mwanga usiiharibu tena. Akauliza kwa nini naificha. Nikamweleza. Akaguna.

Mche ulikuwa stoo, nimetundika gunia dirishani kuwe na giza. Nikachomeka chip, nikaunganisha betri ya gari, nikawasha.

Haukuwa na vivuli.

Ghorofa ya chini ikawaka, ikapanda ya pili, ya tatu, ya nne, ikashuka. Kisha taa za pembeni zikazunguka. Kisha zote zikawaka kwa pamoja, mche mzima mwekundu umesimama kwenye giza la stoo.

Mghanga akasema, "Zima. Toa ile kitu."

Nikazima swichi ili niitoe. Akasema hapana, hapo umezima wewe. Itoe ikiwa inawaka.

Mafundi, msinipigie kelele, najua chip haing'olewi umeme ukiwepo. Nilikuwa nayo moja tu duniani. Nikachukua bisibisi, nikaomba Mungu, nikaing'oa.

Giza.

"Rudisha."

Nikairudisha. Mche ukaanza tena kutoka ghorofa ya chini. Akanifanya nirudie. Halafu akaing'oa kwa mkono wake mwenyewe na kuirudisha mwenyewe, na mimi roho ikiwa mkononi.

Akaniuliza, "Sasa hivi zote zinawaka?"

Nikamwambia hapana. Inawaka ghorofa moja tu kwa wakati. Hazijawahi kuwaka zote pamoja hata mara moja. Jicho ndilo linalounganisha.

Akatikisa kichwa haraka huku na huku akiutazama mche, na ukikitikisa kichwa kweli unaziona ghorofa zinaachana. Akafanya hivyo tena na tena. Akasema taratibu, "Kumbe nimedanganywa na jicho langu."

Akatoka stoo. Nikasikia akimwambia mama, "Leta mtoto. Na maji."

Wakaja wote mle stoo, mama, mke wangu, na Mshai mabegani kwa bibi yake. Mtoto alipoona zile taa alinyoosha mkono, mara ya kwanza kwa siku nyingi kutaka kitu.

Mghanga akajaza maji kinywani, akayatema kwa kupuliza juu ya mtoto, akasema, "Nilikuwa na hasira ya jiwe. Jiwe halipo. Hiyo imekwisha."

Nikadhani amemaliza. Akachukua maji tena.

"Kuna ingine. Mimi na huyu, toka tukichunga mbuzi, mmoja akiona kitu inang'aa anamwita mwenzake. Hata chupa iliyovunjika tulikuwa tunaitana. Sasa yeye amepata kitu nzuri namna hii, amesimama akaiangalia juani peke yake, na mimi nimeambiwa na broka. Hiyo ndiyo ilinichoma. Si mali. Na mimi naitoa. Itoke, iende, mtoto alale, apone."

Akatema kwa nguvu zote. Yakamwangukia Mshai, yakaniangukia mimi usoni, na yakaumwagikia mche.

Taa zikacheza kama zimelewa, ghorofa ya juu ikafa, kisha zote zikazimika. Tukabaki kwenye giza, maji yananidondoka kidevuni, na si maji yote yalikuwa ya kikombe.

Halafu nikasikia sauti ya kaka yangu gizani, imejaa shaka.

"Imezimwa na maji, ama umeizima wewe?"

Nikamwambia, "Njoo uangalie."

Akaja. Akawasha kiberiti, akatoa lenzi, tukainama wote wawili juu ya mche, kichwa kwa kichwa, tunatafuta tone liko wapi.

Wakuu, stori yangu ndiyo hiyo. Mche ulikauka, ukafanya kazi tena isipokuwa taa tatu. Mshai alimaliza dawa za hospitali na homa haikurudi, sasa ni mama wa watu. Sitabishana na mtu nini kilimponya. Mutiso aliendelea kunitabasamia upande mpaka alipohama, naamini hadi leo anajua niliuza jiwe.

Nilichojifunza ni kwamba mtu wako anapokushuku, usikimbilie kumtupia ushahidi. Mimi nilimpa Mghanga chip mkononi na hasira ikaongezeka. Kilichosaidia ni kukaa naye pembeni ya kitu chenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Na ukipata kitu cha kukufurahisha, mwite ndugu yako akione, hata kama unajua hataelewa.

Msiniombe picha, kamera ilikuwa ya studio na haikuwahi kuingia stoo kwetu. Nipondeni mnavyotaka, niko hapa nasoma. Lakini kama kuna aliyewahi kutuhumiwa na ndugu wa damu kwa kitu ambacho hakuwa nacho, aeleze alijinasua vipi, nataka kusikia.